Kinu cha nyuklia si bomu, lakini kina joto lisilozimika

Kila mradi wa kinu cha nyuklia unapotangazwa, tunaletewa swali lile lile: kikilipuka kama bomu, itakuwaje? Tuliseme tena. Urani ya kinu cha umeme kwa kawaida huwa na asilimia 3 hadi 5 ya urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi. Ya silaha hufikia takriban 90. Kwa mafuta hayo ya urani bomu halipatikani, hata kinu kiendeshwe ovyo kiasi gani.  

Nyutroni, chembe ndogo za atomu, hupasua kiini cha urani, joto hutoka, na nyutroni mbili tatu mpya huendeleza mpasuko. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo wa umeme. Fimbo zenye boroni, inayofyonza nyutroni, zikiingizwa zote kinuni, mpasuko hukoma kwa sekunde chache.

Sisi wasiwasi wetu huanzia hapo. Mabaki ya mpasuko huendelea kutoa joto, mwanzoni takriban asilimia 6 ya nguvu ya awali. Kinu cha megawati 3,000 za joto hubaki na megawati 180 ambazo hakuna swichi ya kuzizima. Ni kupoza tu. Fukushima, Japani, Machi 2011, vinu vilivyokuwa kazini vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Tsunami ikazamisha jenereta za dizeli, upozaji ukakatika, mafuta ya nyuklia yakayeyuka. Kwa hiyo kwenye kikao cha maoni kuhusu mradi, ulizeni jenereta zitakaa kimo gani. Habari za bomu ziacheni.

Leseni nazo kwa kawaida si moja. Kuna ya eneo, ya ujenzi, ya kupakia mafuta, ya kuendesha na ya kukifunga kinu, na mwenye moja haruhusiwi kugusa hatua inayofuata. Mafuta huhesabiwa na kuwekewa lakiri, na wakaguzi wa IAEA, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, hulinganisha daftari na kilichopo. Lakiri ikikatika, hata kwa bahati mbaya, hutolewa taarifa ya maandishi. Anayenyamaza huhatarisha leseni yake, na kutegemea sheria ya nchi, hukabiliwa na faini au kifungo.

Wanaodai vinu vyote vifungwe wakumbuke vile vya utafiti, vinavyozalisha molibdenamu-99, dutu yenye mionzi, kwa ajili ya picha za moyo na mifupa hospitalini. Hupungua nusu kila baada ya saa 66 hivi, hivyo haiwekeki ghalani. Vinu vichache vikisimama pamoja, wagonjwa huahirishiwa vipimo.