Sika Dwa Kofi: kigoda ambacho mfalme wa Waasante hakikalii

Habari za Sika Dwa Kofi zikiandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi utakuta jina "kiti cha enzi cha dhahabu". Jina hilo linapotosha. Kiti cha enzi hukaliwa; hiki hakikaliwi na yeyote, hata Asantehene, mfalme wa Waasante aliyeko Kumasi, Ghana. Tukiite Kigoda cha Dhahabu, maana umbo lake ni la kigoda cha kawaida cha Kiasante kinachochongwa kwa gogo moja.

Kofi ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa, siku ambayo, kwa mapokeo, kuhani Okomfo Anokye alikishusha kutoka angani hadi magotini pa Osei Tutu, muasisi wa dola hiyo. Ndani yake mna sunsum, yaani roho ya taifa zima, wakiwemo wafu na wasiozaliwa bado. Kwa hiyo hakigusi ardhi: hulazwa ubavu juu ya kiti chake chenyewe. Mfalme mpya huinuliwa na kushushwa juu yake bila kukigusa.

Kosa la Hodgson, gavana Mwingereza wa koloni la Gold Coast (Ghana ya leo), lilitokana na kutoelewa jambo hili. Machi 1900 alifika Kumasi akataka aletewe kigoda akikalie. Waasante hawakusikia madai ya mali wala ya cheo. Walisikia mtu anataka kukalia roho yao. Vita vilizuka vikiongozwa na Yaa Asantewaa, mama mkuu wa Ejisu. Alishindwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, huku huku kwenye Bahari yetu ya Hindi, alikokuwa pia Asantehene Prempeh I, na huko Yaa Asantewaa akafariki. Lakini kigoda kilikuwa kimefichwa, Waingereza hawakukipata.

Vigoda vingine vina kazi tofauti. Kwa mila, kila mtu mzima huwa na chake, na akiinuka hukilaza ubavu ili roho ipitayo isikikalie. Mtawala akifa madarakani kwa heshima, kigoda chake hupakwa masizi yaliyochanganywa na kiini cha yai hadi kiwe cheusi, kisha huwekwa nkonnwafieso, nyumba ya vigoda. Aliyeuzuliwa hapati heshima hiyo. Na kuuzuliwa si jambo la nadra: Kofi Karikari aliondolewa 1874 kwa kuchukua dhahabu kwenye makaburi ya wafalme, Bantama. Mtawala huvuliwa ndara na makalio yake hugusishwa ardhi, mambo mawili ambayo ni mwiko kwake akiwa madarakani.

Urithi ni wa kukeni. Asantehemaa, mama mkuu wa Waasante, ambaye si lazima awe mama mzazi wa mfalme, ndiye apendekezaye mrithi kutoka ukoo wa Oyoko. Wazee wana haki ya kumkataa.

Wahenga hulishwa siku ya Adae. Waasante huunganisha juma la siku 6 na juma la siku 7, hivyo mzunguko wake ni wa siku 42. Ndani ya mzunguko huo zimo Adae mbili: Akwasidae ya Jumapili, na Awukudae ya Jumatano, siku 24 baadaye. Mtawala huingia nyumba ya vigoda, hushusha vazi begani na kuvua ndara, kwa kuwa mbele ya wahenga yeye ni mtoto. Eto, viazi vikuu vilivyopondwa, huwekwa juu ya vigoda vyeusi, kondoo huchinjwa, kinywaji humiminwa huku majina yakitajwa. Hapo watu wa nje hawaruhusiwi.

Sehemu ya hadhara hufanyika baadaye kwenye kasri la Manhyia. Mgeni asitarajie kukiona Kigoda cha Dhahabu, kwani hutolewa kwa nadra sana. Asikunje nne mbele ya mfalme wala asitoe mkono wa kushoto. Akiwa na neno, alipitishe kwa okyeame, msemaji wa mfalme mwenye fimbo iliyopambwa kwa dhahabu.