Buni za mzee usizimwage

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Kibosho kaja kwenye chumba changu cha mazoezi tiba hapa Moshi na chupa tupu ya jamu. Mwezi mmoja nyuma nilimpa kazi nyepesi: kila akimaliza mazoezi ya mkono ulioathiriwa na kiharusi, kwa mkono huohuo adondoshe punje moja ya buni ndani ya chupa, ikae mezani sebuleni. Zilifika 19. Akaenda msibani siku mbili. Aliporudi, kijana wake akamwambia, "Baba, umekatisha, zile siku 21 zinaanza upya." Mzee akazimwaga, na mazoezi akaacha.

Siku 21, siku 21! Eti ukifanya jambo siku 21 mfululizo linakuwa tabia. Nimezichoka.

Maxwell Maltz, mpasuaji wa sura huko Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Kuzoea pua, jamani! Neno "angalau" likadondoka njiani, tukabaki na amri.

Waliopima tabia yenyewe ni mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London, kwa watu 96, utafiti ukachapishwa 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 kitendo kianze kuja chenyewe; wa haraka 18, wa mwisho 254. (Hiyo 254 ni makadirio ya hesabu, maana walifuatiliwa wiki 12 tu. Wengi wanaoinukuu hawalisemi hili.) Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Ndiyo maana sipendi kalenda ya kuchora alama. Ukikosa siku, pengo linakukodolea macho mwezi mzima. Chupa haina pengo. Zilizomo bado zimo. Ila buni iingie papo hapo zoezi likiisha, si jioni kwa jumla.

Sasa, ni buni ndizo zilizomsukuma, au mjukuu aliyekuwa akizihesabu kila jioni? Sina hakika. Na wale wa London walikuwa wakijizoesha kula matunda, kunywa maji, kukimbia. Hawakuwa wakifungua vidole vilivyokaza.

Nikamwuliza buni ziko wapi. "Bibi yenu kazikaanga."

Nikafungua droo, nikamhesabia 19. Ya 20 aliishika mwenyewe. Ikaangukia sakafuni. Akaomba nyingine.