Je, wajua kwa nini mji wa Kirumi wa Xanten haukufunikwa na mji mpya?

Köln na Trier zilikuwa miji ya Warumi, na leo mabaki yake mengi yamelaliwa na maduka na barabara. Xanten, mji mdogo wa Ujerumani karibu na mpaka wa Uholanzi, ni tofauti. Mji wake wa kale, Colonia Ulpia Traiana, uliopewa hadhi ya koloni na Kaisari Trajan yapata mwaka 100 BK, ulikuwa na hekta 73 na wakazi wapatao 10,000. Ulipokufa, karibu wote uligeuka mashamba. Sababu ni makaburi.

Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo wafu walilazwa nje ya ukuta, kando ya barabara. Wakristo waliamini kwamba katika makaburi ya kusini amelala Viktor, askari wa Kikosi cha Theba (kikosi cha jeshi la Kirumi ambacho mapokeo yanasema kilikuwa cha Wakristo) aliyeuawa pamoja na wenzake kwa ajili ya imani. Watu wakataka kuishi karibu na mashahidi wao. Likaja kanisa, wakaja makasisi, kisha soko. Mwaka 1228 makazi hayo yakapata haki za mji. Jiwe la msingi la kanisa kuu la sasa liliwekwa 1263, na ujenzi ukakamilika 1544.

Mawe yalitoka wapi? Bonde la chini la Rhine ni mchanga, changarawe na udongo. Mwamba wa kujengea haupo. Warumi walileta mawe kwa mashua, na waliokuja baadaye wakaona ni rahisi kuyang'oa magofuni. Mara nyingi waling'oa mpaka msingi, wakaacha mitaro iliyojaa chokaa na vipande vya mawe. Kwa mwanaakiolojia mitaro hiyo ni hazina: udongo hubadilika rangi pale ukuta ulipopita, na ramani ya nyumba hujitokeza. Lakini lazima awe mwangalifu, kwani chungu kilichokutwa ndani ya kifusi hicho huonyesha lini mawe yaliibwa, si lini ukuta ulijengwa.

Mwaka 1933 mwanaakiolojia Walter Bader alichimba chini ya kanisa kuu akakuta kaburi la wanaume wawili waliouawa kikatili. Wengi walisherehekea kwamba Viktor amepatikana. Tatizo ni tarehe: kaburi ni la nusu ya pili ya karne ya 4, ilhali mapokeo yanaweka kifo chake miongo mingi kabla. Hata hivyo ibada ya kale mahali pale ni ya kweli, maana juu ya kaburi hilo palijengwa mapema kijumba cha mbao cha ukumbusho.

Na Siegfried, shujaa aliyeua joka? Utenzi wa Kijerumani wa Nibelungenlied, uliotungwa yapata mwaka 1200, unasema alikulia hapa. Hakuna kaburi wala jiwe lake.

Mji wa Kirumi ni hifadhi ya akiolojia tangu 1977. Ukienda, usiishie kwenye nguzo za hekalu la bandarini, ambazo zimejengwa upya. Shuka chini ya jukwaa lake, uone msingi halisi wa Warumi.