Kisima kilicho safi maji yakijaa

Bibi mmoja wa Majengo, Mombasa, aliwahi kunipa kata ya maji ya kisima chake akaniambia, "Mwanangu, nusa." Nikanusa, sikusikia kitu. "Basi rudi jioni." Vifaa nilikuwa nimeshavipakia garini, sikurudi. Ripoti yangu ya mwanzo kuhusu kituo cha petroli kilichopakana na ukuta wake ikasema maji hayana mafuta.

Nilikuwa nimepima maji ya pwani yamejaa.

Petroli ni nyepesi, lita moja ina uzito wa kama robo tatu ya kilo tu. Ikivuja, na mara nyingi kinachovuja ni mabomba na maungio kuliko tangi lenyewe, hushuka hadi ikutane na maji ya ardhini, kisha huelea juu yake. Sasa kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na matundu, na bahari imekizunguka. Maji ya visima vingi huku hupanda na kushuka pamoja na bahari. Yakipanda, huyameza mafuta na kuyanasa ndani ya matundu ya jiwe, na kisimani unaweza usione hata utando. Yakishuka, mafuta hujikamua kutoka jiweni na kuingia kisimani. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti huwa kubwa zaidi kuliko siku za maji mafu, inaposogea kidogo tu. Bibi hakuhitaji kuelezwa haya. Alichota asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi.

Kuna jambo jingine linalochelewesha ugunduzi. Kila asubuhi kituo hutumbukiza kijiti tangini na kulinganisha kipimo na mauzo ya pampu. Upungufu ukionekana, mhudumu wa pampu hushukiwa wizi kabla tangi halijashukiwa kuvuja. Na uvujaji wenyewe hauna kishindo: tone moja kila sekunde ni lita nne na ushei kwa siku, zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka.

Kinachonitia hofu hasa ni benzini, sehemu ya petroli inayoyeyuka majini na kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Petroli yenye benzini asilimia 1 ina takriban gramu 7 kwa lita. Piga hesabu, lita hiyo moja yatosha kufikisha maji lita laki saba kwenye kikomo. Na benzini yaweza kupita kikomo pua isipate habari.

Kwa hiyo siku hizi naanza na jedwali la maji kujaa na kupwa, ndipo napanga siku. Visima vya uchunguzi, vile vyembamba tunavyochimba kwa ajili ya kupima tu, haviwi chini ya vitatu, maana kwa viwili huwezi kujua maji yanaelekea wapi, na kina cha maji katika vyote husomwa kwa haraka, bahari isije ikageuka katikati ya kazi. Hata hivyo mafuta hufuata nyufa, hayafuati ramani yangu. Nimewahi kukuta kisima cha karibu ni safi na cha mbali kinanuka.

Sampuli naianzia kisima safi, nimalizie kichafu. Kichupa cha mililita 40 hujazwa hadi maji yavimbe mdomoni, kifungwe, kipinduliwe, kigongwe kwa kidole. Kiputo kikionekana, kichupa kinamwagwa, kwa sababu benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo. Kisha barafu, moja kwa moja. Na gari hutiwa mafuta jana yake. Vijana wangu wamelichoka agizo hilo, lakini glavu zilizoshika pampu ya petroli zimewahi kuniharibia siku nzima.

Kule Majengo nilirudi siku ya bamvua, maji yamepwa. Kwenye kisima cha uchunguzi kando ya ukuta nikateremsha utepe wa kupimia. Wangu hulia mlio mmoja mrefu ukigusa mafuta, na milio ya kukatakata ukigusa maji. Ulilia mlio mrefu. Nikauteremsha taratibu, milimita baada ya milimita, na mlio haukukatika hadi ya tisa.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na kata mkononi, safari hii hakunipa ninuse.