Kuvaa Kamera Shingoni Hakuondoi Ushuru: Dhana Potofu za Kununua Vifaa vya Kamera Nje

"Tupa boksi, vaa kamera shingoni, pita njia ya kijani, ile ya wasio na cha kutamka forodhani. Hawakugusi." Ushauri huu umezunguka kwa wapiga picha wa Dar es Salaam na Nairobi miaka nenda rudi, na anayeutoa huwa na ushahidi mmoja tu: fulani alipita. Fulani alipita kwa kuwa siku hiyo hakusimamishwa. Waliosimamishwa hawatangazi habari zao kwenye grupu la WhatsApp, kwa hiyo unazosikia ni za upande mmoja.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Misamaha imo kwenye Jedwali la Tano, na kwenye mizigo ya abiria jedwali hilo linataja vitu ambavyo msafiri ameingia navyo ndani ya begi lake au mwilini mwake. Mwilini mwake! Waliotunga sheria waliifikiria shingo zamani sana. Kamera inayoning'inia kifuani na ile iliyolala ndani ya boksi lake kwenye sanduku ni kitu kimoja.

Msamaha wenyewe una masharti. Mkazi anayerudi awe amekaa nje zaidi ya saa 24. Thamani isizidi kiwango kilichowekwa: kwa miaka mingi kilikuwa dola 500 za Marekani kwa kila msafiri, na kwa kuwa majedwali hurekebishwa kwa tangazo kwenye Gazeti la Jumuiya, uliza kiwango cha mwaka unaosafiri. Tena kitu kiwe kimetamkwa mbele ya afisa. Hili la mwisho ndilo watu wanalolikanyaga. Kamera ya dola 450 ungeitamka na kupita nayo bila kulipa senti. Ukiificha, umejivua msamaha kwa mkono wako.

Kisha huja utetezi wa pili: "Lakini imeshatumika." Kipengele cha vitu binafsi vilivyotumika kimewekwa kwa ajili ya vyombo ambavyo msafiri amekuwa akivitumia mwenyewe. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyonunuliwa Jumanne, ikapiga picha 40 za dirisha la hoteli huko Deira, Dubai, ikarudi nyumbani Alhamisi, haiingii humo. Na hata kamera iliyotumika kwelikweli, ukiinunua nje kwa mtu mwingine, bado ni bidhaa uliyoingiza nchini. Thamani yake ni bei uliyolipa, na bei hiyo si sifuri.

Msidhani pia kwamba afisa hajui kamera. Anaigeuza tu: nailoni ya kiwandani bado imebandikwa kwenye kioo cha nyuma, mkanda una mikunjo ya kukaa ndani ya mfuko, na pale juu pa kuchomekea flashi rangi nyeusi haijakwaruzwa hata kidogo. Anabonyeza kitufe cha kutazama picha, anakuta faili ya kwanza ni 0001 na tarehe ni ya juzi. Halafu anauliza kama una risiti, na kwenye pasipoti yako imekunjwa ile ya duka la Dubai, yenye jina lako, bei na siku ya ununuzi, kwa sababu uliihitaji kudai urudishiwe VAT yako (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya kupanda ndege. Asubuhi umethibitisha kule kwamba umenunua, jioni unaapa hapa kwamba hukununua.

Kutoa maelezo ya uongo forodhani ni kosa chini ya kifungu cha 203: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Kifungu cha 219 kinampa Kamishna nafasi ya kulimaliza jambo bila mahakama, mhusika akikiri kwa maandishi, lakini hapo unalipa ushuru na adhabu juu yake. Na hasara nyingine huifanya mwenyewe kabla hata ya kufika uwanjani. Lenzi imeviringishwa kwenye soksi na kusukumwa ndani ya sanduku. Lenzi nzito ya 70-200 imeachwa imefungwa kwenye bodi safari nzima, uzito wake wote ukivuta pete ya kuungia. Siku ya kuuza, mnunuzi anauliza boksi lenye namba inayolingana na ya kifaa, halipo, naye anashusha bei papo hapo. Boksi la kamera hukunjika likawa bapa na kulala chini ya nguo. Rudi nalo.

Watu hukimbilia ujanja kwa sababu hawajakaa chini wapige hesabu. Wanasikia "ushuru unakula nusu ya bei" na kuogopa. Hesabu iko hivi. Ushuru wa forodha wa Jumuiya una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Kila kifaa hupata ngazi yake kwa namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kupanga bidhaa forodhani, na begi lako la kamera lina vichwa tofauti kabisa: bodi za kidijitali ziko 8525, lenzi za kamera 9002, flashi 9006, stendi 9620, betri za lithiamu 8507, memori kadi 8523. VAT huja juu ya thamani pamoja na ushuru, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, kisha tozo ndogondogo za nchi husika.

Chukua kifaa cha dola 2,400 na tuseme, kwa mfano tu, kimeangukia ngazi ya 10. Ushuru ni 240. VAT ya 18 inakokotolewa kwenye 2,640, yaani dola 475.20. Jumla dola 715.20 kabla ya tozo. Angalia kwamba 10 na 18 hazikuleta 28, zimeleta 29.8, kwa kuwa VAT imepanda juu ya ushuru. Kifaa hichohicho kikiangukia 25, jumla inafika asilimia 47.5. Kwa hiyo namba ya HS ndiyo inayoamua kama safari ina faida, na namba hiyo huulizwa kabla ya kukata tiketi. Wakala wa forodha anayeijua kazi yake atakutajia kwa dakika chache.

Hapa nina msimamo ambao sitaulegeza: dai risiti yenye mstari mmoja kwa kila kifaa, na jina kamili la modeli, bei na namba ya kifaa. Wauzaji wengi huandika "vifaa vya kamera" na jumla moja chini. Risiti ya namna hiyo inamlazimu afisa kukisia, na akikisia hana sababu ya kukukisia chini. Stendi na memori kadi zinaburutwa kwenye hesabu ya bodi, nawe huna cha kumwonyesha.

Ukifika, ingia njia nyekundu, ile ya wenye vitu vya kutamka. Toa pasipoti, risiti na namba yako ya mlipakodi, TIN (au PIN kwa Kenya), acha kifaa kikaguliwe, pokea makadirio, yasome mstari kwa mstari, uliza namba ya HS iliyotumika, ndipo ulipe kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi. Karatasi ya malipo ipige picha, na nakala yake ikae ndani ya begi la kamera maisha yake yote. Mwaka ujao ukienda kupiga harusi Muscat na kurudi, hiyo ndiyo itakayosema kamera ilishalipiwa. Kama vifaa ni vya zamani na risiti zimepotea, siku ya kuondoka nenda dawati la forodha kabla ya kukabidhi mizigo, uorodheshe modeli na namba za vifaa, ugongewe muhuri. Fika mapema, maana abiria anayekuja mbio dakika za mwisho hahudumiwi vizuri.

Mengine ni mafupi.

"Dubai hakuna kodi." Ipo VAT ya asilimia 5 tangu Januari 2018. Mtalii hurudishiwa akinunua kwa angalau dirhamu 250 kwenye duka lililosajiliwa, akatoa pasipoti wakati wa kulipa, na akaondoka na bidhaa ndani ya siku 90. Hurudishiwi yote: unapata asilimia 85 ya VAT, kisha inakatwa ada ya dirhamu 4.80. Kamera ya dirhamu 8,400 ina VAT ya 400 ndani yake. Mkononi unapata 335.20, yaani karibu asilimia 4 ya bei. Uthibitisho hufanywa uwanjani kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu wanaweza kutaka kukiona kifaa. Na yule shangazi mwenye ukazi wa Dubai unayemtuma akununulie hana haki ya kurudishiwa, kwa kuwa utaratibu ni wa wasio wakazi.

"London wanarudisha asilimia 20." Waliacha tangu Januari 1, 2021 kwa England, Scotland na Wales. Kinachobaki ni duka kukutumia mzigo moja kwa moja nje ya nchi bila VAT, kama duka lenyewe linakubali. New York nako msafiri harudishiwi. Bei ya rafu huongezwa kodi ya asilimia 8.875 ukifika kaunta, na wengi hupiga bajeti bila hiyo.

"Mwambie muuzaji aandike zawadi, dola 50." Neno zawadi halina msamaha ndani yake, na forodha ina njia za kukataa thamani uliyoandika na kutumia bei ya bidhaa inayofanana nayo. Bei za kamera ziko wazi mtandaoni kwa kila modeli. Baya zaidi, mzigo ukipotea au lenzi ikifika imepasuka, msafirishaji anakulipa kwa thamani iliyoandikwa. Dola 50 kwa lenzi ya 1,200.

Kwa wanaoagiza kwa ndege kuna jambo ambalo hata mawakala wengine hulisahau: Jedwali la Nne la sheria ileile linasema nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani ya kukokotolea ushuru wa forodha. VAT ina kanuni zake kuhusu nauli, lakini ukiona nauli imejumlishwa kwenye mstari wa ushuru wa mzigo wa ndege, uliza.

"Mzigo wa kilo umeshalipiwa kila kitu." Ukilipa kwa kilo kupitia msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu wengi, nyaraka za forodha hazina jina lako. Kwa nguo sawa. Kwa kamera ya mamilioni maana yake huna ushahidi wa kulipa, na shehena nzima ikizuiwa kwa kosa la mwenzako, kamera yako inazuiwa nayo.

"Dhamana ni ya dunia nzima." Bodi nyingi zina dhamana ya eneo ziliponunuliwa. Uliza kwa maandishi, na hakikisha kadi ya dhamana imejazwa tarehe na kugongwa muhuri wa duka. Anayenunua Sony Japani achunguze menyu kabla ya kulipa, kwa kuwa nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani zina Kijapani peke yake na hazibadiliki.

Betri za akiba haziwekwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Zote mkononi, ncha zake zimefunikwa. Chini ya Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati kilichoandikwa kwenye betri) hazina shida. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na mwisho ni mbili. Betri kubwa za video zenye Wh 150 zinaangukia hapo, kwa hiyo omba idhini mapema, wala usingoje kuulizwa kwenye mashine ya ukaguzi.

Na droni si kamera yenye mabawa. Ina kichwa chake cha HS, 8806, na ina wenyewe nje ya forodha: mamlaka za usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Kulipa ushuru hakukupi kibali cha kuingia nayo wala cha kuirusha. Kibali huombwa ukiwa bado nyumbani, droni ikiwa bado dukani.