Je, Wajua Jinsi Pau za Chuma Zilizonyooka Zinavyobeba Paa Lililopinda?

Paa la tao, lile linalofunika maghala na kumbi nyingi, huonekana kana kwamba kila kitu ndani yake kimepindwa, ilhali sehemu kubwa ya vyuma vilivyo chini ya mabati haikupindwa hata kidogo. Pau, yaani vyuma virefu vinavyolala juu ya matao na kupokea mabati, zimenyooka kama zilivyotoka kiwandani. Inawezekanaje basi vitu vilivyonyooka vibebe kitu kilichopinda bila kuacha pengo?

Jibu ni kwamba paa la aina hii hupinda upande mmoja tu. Chukua karatasi ngumu, uipinde iwe kama tao, kisha ulaze penseli juu yake. Ukiilaza kufuata mpindo, penseli itagusa karatasi mahali pamoja na kuyumba. Ukiilaza kufuata urefu ambao haukupinda, itatulia na kugusa karatasi mwanzo hadi mwisho. Pau hulazwa kwa njia hiyo ya pili. Umbo la paa hubebwa na matao, ambayo husimamishwa moja baada ya jingine kwa kufuata urefu wa jengo, na pau huyaunganisha zikiwa sambamba, kila moja ikiwa katika kimo chake.

Siri hiyo ndiyo iliyomwezesha Peter Norman Nissen, mhandisi katika jeshi la Uingereza, kubuni mwaka 1916 kibanda cha wanajeshi chenye umbo la nusu ya mcheduara, kama bomba lililopasuliwa katikati kwa urefu. Kilikuwa na upana wa mita 4.9 na urefu wa mita 8.2, na watu sita waliweza kukisimamisha kwa saa nne. Mbavu zake, yaani matao yake, zilikuwa za chuma kilichopindwa, lakini pau zake zilikuwa mbao za kawaida zilizonyooka, rahisi kufungwa pamoja na kupakiwa kwenye gari la jeshi. Leo pau za majengo makubwa hutengenezwa kwa bamba la chuma lenye mfuniko wa zinki, unene wa milimita 1.5 hadi 3, lililokunjwa kwa umbo la herufi Z au C, lakini mpangilio haujabadilika.

Ugumu wa kazi hii huanza katika vipimo. Tuchukue ukumbi wenye upana wa mita 16, ambao kilele cha tao lake kiko mita 4 juu ya miguu yake. Ili kupata nusu kipenyo cha duara ambalo tao hilo ni sehemu yake, zidisha upana kwa wenyewe, ugawe kwa kimo kilichozidishwa mara 8, kisha ongeza nusu ya kimo: 256 ukigawa kwa 32 ni 8, ongeza 2, unapata mita 10. Urefu wa tao lenyewe, ukipimwa kwa kufuata mpindo, ni mita 18.55. Nafasi kati ya pau zipangwe kwa urefu huu wa mpindo, wala si kwa upana wa sakafu. Fundi akipanga pau kila mita 1.2 kwa kupima mlalo, pau za karibu na kilele zitakuwa sawa kabisa, lakini kadiri anavyoteremka nafasi zitapanuka, hata ile ya mwisho ukingoni ifike karibu mita 1.8 juu ya bati, na hapo bati litabonyea mtu akilikanyaga. Mpindo wa mita 18.55 ukigawanywa mara 16, kila nafasi inakuwa takribani mita 1.16, na pau zinazohitajika ni 17.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi, ni uelekeo wa kila upau. Ule wa kileleni husimama wima. Mwingine wowote lazima uinamishwe ili mgongo wake, yaani sehemu pana ya kati, uelekee katikati ya duara, na bawa lake la juu, yaani ukingo uliokunjwa, lilale sawasawa na bati. Katika mfano wetu, kila upau hutofautiana na jirani yake kwa nyuzi 6.6 hivi, na ule wa ukingoni umeinama kwa nyuzi 53. Ndiyo maana vishikizo, yaani vipande vya chuma cha pembe vinavyochomelewa juu ya tao ili kupokea pau, huwekwa kwa pembe mraba na mpindo wa mahali pale hasa, na ni bora vichomelewe wakati tao bado liko chini, kwa kutumia kigezo kilichokatwa. Vikiwekwa wima vyote, bati litagusa ncha ya bawa peke yake, skrubu itaingia kimshazari, mpira wa washa, yaani kile kipete kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu, hautaziba, na maji ya mvua yatapata njia.

Kuinama huko huleta pia tatizo la nguvu. Upau wa umbo la Z au C una uwezo mkubwa uzito ukishuka kwa kufuata mgongo wake, na ni dhaifu sana ukisukumwa ubavuni. Kileleni uzito wote hufuata mgongo, lakini kwenye mteremko wa nyuzi 53 asilimia 80 ya uzito huvuta kuelekea chini ya mteremko, yaani upande ule dhaifu. Kwa sababu hiyo pau hufungwa kati kwa kati kwa fimbo za chuma zenye nati, zinazopanda kutoka upau hadi upau mpaka kileleni, ambako za kushoto na za kulia huvutana na kusawazishana. Fimbo hizo, zikikaza pau juu na chini, husaidia pia wakati wa dhoruba, kwa kuwa upepo unaopita juu ya kilele hufyonza bati kwenda juu na kulikandamiza bawa la chini la upau, ambalo halishikwi na bati lolote.

Katika kufunga, matao hushikiliwa kwanza kwa kamba za waya, kwa kuwa bila pau yanaweza kuanguka ubavuni. Upau wa kilele na zile za kingo mbili hutangulia, kisha kazi huendelea pande zote mbili kwa pamoja, upau mmoja kulia na mmoja kushoto. Tao hustahimili mzigo uliosawazika. Likielemewa upande mmoja hushuka upande huo na kuinuka upande wa pili, na pau zinazofuata zitafungwa juu ya umbo lisilo sahihi. Bolti zisikazwe mpaka uzi uvutwe kwa urefu wote wa jengo na kila upau uonekane umenyooka, kwa maana tao moja lililoshuka kwa sentimita 2 huonekana juu ya mabati kama bonde, hasa jua linapokuwa chini.

Wengi huchomelea pau moja kwa moja ili kuokoa gharama ya bolti. Mimi siungi mkono njia hiyo. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini sana ya joto linaloyeyusha chuma, kwa hiyo mfuniko huungua palepale kwenye kiungo, kutu huanzia hapo, na moshi wake humdhuru mchomeleaji. Bolti iliyopita kwenye tundu refu huruhusu pia chuma kutanuka: safu ya pau yenye urefu wa mita 40 huongezeka kwa milimita 14 hivi joto likipanda kwa nyuzi 30.

Mpangilio huu wote hufaa kwa paa linalopinda upande mmoja. Kwenye kuba, ambako paa hupinda pande zote, hakuna mstari ulionyooka wa kulaza upau mrefu. Hapo pau hukatwa vipande vifupi kati ya ubavu na ubavu, au hupindwa kiwandani ziwe pete zinazopungua kuelekea juu.