Mifupa sio mabavu jamani

Wiki hii tena. Mjomba wa kijana aliyeumia goti kwenye ndondo kaniangalia juu mpaka chini, mimi mwembamba, kauliza eti hamna dokta mwenye mwili hapa maana kazi ya mifupa inataka nguvu, si ndo maana hata yule bingwa wa Marekani alivyoacha michezo akawa daktari wa mifupa.

Anamsema Eric Heiden. 1980 Lake Placid alibeba dhahabu zote 5 za mbio za kuteleza kwenye barafu, mita 500 mpaka 10,000, akahamia baiskeli za kulipwa, Tour de France ya 1986 akaanguka hakumaliza. Udaktari kamaliza Stanford 1991, ubingwa wa mifupa 1996. Yaani miaka 16 toka zile medali, ingekuwa ni mapaja tu (na alikuwa nayo kweli) si angeanza kesho yake. Na baba yake alikuwa daktari wa mifupa, hilo watu wanaliruka.

Sasa hiyo nguvu. Nyundo tunazo, na kurudisha nyonga iliyoteguka jasho linakutoka, sibishi. Ila drili ukiikandamiza mfupa unapata moto, unakufa pale pale ulipotoboa, baadae skrubu inalegea. Na mfupa una gamba gumu pande zote mbili, katikati laini, ukipitiliza gamba la pili kwa pupa unatokezea upande wa pili, nyuma ya goti kuna mshipa mkubwa wa damu unakusubiri. Kwa hiyo unasikiliza. Gamba la kwanza drili inalia kwa kubanwa, katikati inalegea kama imeingia kwenye embe bivu, ikigusa la pili mlio unapanda, hapo mkono unaulegeza. Aliyenifundisha alikuwa anazimisha redio kwa ajili ya hizo sekunde mbili tatu.

Kinachonitatiza kwa wanamichezo ni kingine. ACL, yaani ule ukano wa ndani ya goti unaolishikilia, ukikatika tunayotengeneza ni kano ya mgonjwa mwenyewe tuliyoitoa sehemu nyingine, na kabla haijashika inadhoofika kwanza, kama wiki ya 6 mpaka ya 12 ndo mbovu kabisa, wakati huo goti halivimbi, haliumi, kijana anajiona mzima anaulizia mechi. Mtu aliyezoea kucheza na maumivu maisha yake yote, akivaa koti jeupe atamwambia subiri miezi 9? Au ndo atamwelewa zaidi kwa vile benchi kalikalia? Nimefanya kazi na wa aina zote mbili. Na hiyo miezi 9 naitamka kwa uso mkavu kama tarehe ya marejesho ya mkopo, ila kuna magoti nayaruhusu huku moyo unanidunda, na kuna la miezi 7 ningeapa liko tayari.

Mjomba kasikiliza yote katulia. Halafu: "Sawa dokta, ila siku ya kupasua si kutakuwa na mwenzio wa kusaidia?"

Yupo. Sista wa thieta, mwembamba kunishinda.